Uzito wa Sanamu ya Karatasi

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao ni walimu tunaowaheshimu, ambao wakionyeshwa kazi za Gwon Osang wa Korea Kusini huzitupia jicho mara moja, wakatikisa kichwa na kusema: hii si sanamu, huu ni ubandikaji wa karatasi. Wapo na wengine, walio wapole zaidi, wasemao: haya, na iwe sanaa, lakini Ukorea wake uko wapi? Mbona watu hawa wa karatasi wamevaa suruali za jinzi na viatu vya raba kama kijana yeyote wa London au Tokyo? Hoja hizi mbili huonekana kuwa mbalimbali, lakini baba yao ni mmoja. Msemaji wa kwanza anaupima uchongaji kwa uzito wa kitu kilichochongwa. Wa pili anaupima utamaduni wa taifa kwa nguo. Sisi twazikataa zote mbili, na twazikataa kwa ukali kwa sababu zinafundishwa. Zinaandikwa ubaoni, na kijana wa kidato cha tatu hutoka nazo darasani akidhani amekwisha jua sanaa ni nini.

Kwanza na tumjue mtu mwenyewe na kazi yake, maana ubishi mwingi juu yake hufanywa na watu wasiojua anafanya nini. Gwon alizaliwa mwaka 1974 mjini Seoul, akasomea uchongaji katika Chuo Kikuu cha Hongik, katika mji huo huo. Tulitilie maanani jambo hili. Hakuwa mpiga picha aliyeuvamia uchongaji asioujua. Alikuwa mwanafunzi wa uchongaji, aliyefundishwa kazi za mawe, magogo, vyuma na udongo, na aliyechoshwa na uzito wa vitu hivyo. Alitaka sanamu nyepesi. Mwaka 1998, kabla hajamaliza masomo, alianzisha mfululizo wa kazi ambao ameuendeleza kwa zaidi ya miaka ishirini.

Namna anavyofanya ni hii. Humsimamisha mtu mbele yake, akampiga picha kipande kwa kipande: ukucha, kifundo cha mguu, mkunjo wa shati, sikio, utosi. Picha hizo hufikia mamia. Kazi moja ya mwaka 1999, ionyeshayo pacha, inataja hesabu ya vipande katika jina lake lenyewe: 420. Huchonga umbo la mtu huyo, aghalabu kwa ukubwa wa mtu halisi, katika povu gumu la plastiki, jamii ya lile jeupe ambalo redio na televisheni hufungiwa ndani ya maboksi. Kisha hukata picha zake, akazibandika juu ya umbo hilo kila moja mahali pake, na mwisho akapaka utomvu mwangavu ambao hukauka ukawa kama kioo chembamba juu ya ngozi. Sanamu ikikamilika, vijana wawili waweza kuibeba bila kutoka jasho.

Mfululizo huo ameuita "Deodorant Type", kwa jina la dawa ile ya kupaka kwapani ili kuzuia harufu. Msomaji asicheke upesi. Wakorea walio wengi, kwa maumbile yao tu, hawatoi harufu kali ya kwapa, na dawa hiyo kwao ni bidhaa ya kigeni isiyo na kazi kubwa. Ni dawa ambayo aghalabu haiondoi kitu. Huweka harufu moja juu ya nyingine. Picha nayo, ikibandikwa juu ya umbo, haiondoi povu lililo chini. Inalivika uso. Kijana aliyechagua jina hilo alikuwa anajua kwamba anafunika, na hakutuficha kwamba anafunika. Wale wanaomshtaki kwa udanganyifu wangesoma kibandiko kwanza.

Maana mtu akizisogelea sanamu hizi, udanganyifu wote huyeyuka. Kwa mbali huona mtu amesimama. Akikaribia, huona mipaka ya karatasi, mamia ya mipaka, kama nyufa za udongo wa kiangazi. Shavu hili limepigwa picha mwanga ukitoka kushoto, na lile la pili ukitoka kulia, kwa hiyo uso mmoja una saa mbili ndani yake. Bega limekuwa pana kidogo kuliko lilivyopaswa, kwa sababu kamera ilisogea. Jicho linakutazama na halikutazami. Hakuna kamera iwezayo kuuona mwili mzima wa mtu kwa mara moja, mbele na nyuma, utosi na unyayo. Gwon ameizunguka kasoro hiyo kwa miguu yake mwenyewe, hatua kwa hatua, na kila hatua imeacha alama. Twauliza: kama kuzunguka kitu kwa jicho na mkono mpaka umbo lake lipatikane si uchongaji, uchongaji ni nini?

Tutajibiwa kwamba kamera ni mashine, na mashine haina sanaa. Hoja hii ina umri mkubwa na haikui. Msanii atengenezaye sanamu ya shaba hufinyanga udongo, kisha hutengenezewa kalibu, na shaba humiminwa na mafundi wa tanuru ambao majina yao hayaandikwi popote. Hakuna anayesema sanamu ile si yake kwa kuwa moto ndio ulioyeyusha shaba. Patasi nayo ni chombo, na tezo ni chombo. Swali la kuuliza ni nani aliyeamua, na aliamua nini, na uamuzi wake unaonekana wapi. Katika kazi ya Gwon uamuzi unaonekana katika kila kipande cha karatasi, kuliko unavyoonekana katika sanamu nyingi za shaba tuzijuazo.

Na hapo ndipo tunapotaka kuingia kwenye kiini cha maneno yetu. Tazama mwaka 1968. Mwezi wa Januari mwaka huo, makomando 31 kutoka Korea Kaskazini walivuka mpaka wakafika karibu na ikulu ya Seoul kwa nia ya kumwua Rais Park Chung-hee. Serikali ilitikisika. Katika mwaka huo huo ilifanya mambo mawili ambayo watu hawayaweki pamoja, nasi twaona ni lazima yawekwe pamoja. Mwezi wa Aprili, katika barabara kuu ya Gwanghwamun, ilizinduliwa sanamu ya shaba ya Amiri Yi Sun-sin, aliyewashinda Wajapani baharini katika karne ya 16. Aliitengeneza mchongaji Kim Se-jung. Pamoja na kitako chake ina urefu wa karibu mita 17. Ilikuwa ya kwanza katika mpango wa sanamu 15 za mashujaa zilizosimamishwa hadi mwaka 1972. Na mwezi wa Novemba, serikali ilianza kutoa kadi za uandikishaji wa wakazi, kila mtu na namba yake na picha yake ndogo, ili raia ajulikane na jasusi agunduliwe.

Basi mgawanyo ukawa huo. Shujaa alipewa shaba, mita 17, na barabara kuu. Raia alipewa picha ya ukubwa wa kidole gumba, aiweke mfukoni na kuionyesha aulizwapo na polisi. Shujaa alitazamwa kutoka chini. Raia alitazamwa kutoka juu.

Picha ya raia haikukubali kukaa mfukoni milele. Mwezi wa Juni 1987, katika maandamano ya kudai demokrasia, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yonsei aitwaye Lee Han-yeol alipigwa kichwani na kombora la gesi ya machozi. Mpiga picha wa Reuters alimpata akiwa amelegea, akishikiliwa na mwenzake, damu ikimtiririka. Msanii Choi Byung-soo aliigeuza picha ile kuwa mchoro wa kuchonga na kuchapa, ukakuzwa ukawa kitambaa kikubwa cha kutundikwa chuoni. Han-yeol alifariki mwezi wa Julai, na picha yake ilitangulia katika mazishi yake barabarani, mbele ya umati mkubwa. Kwa mara ile, sura ya kijana asiye na cheo ilikuwa kubwa kama sanamu ya amiri. Lakini bado ilikuwa bapa, na ili kuipata hiyo kijana alilazimika kufa.

Mwaka 1998 Gwon akachukua picha ya mtu aliye hai, rafiki yake, asiye na cheo wala kifo cha kishujaa, akaipa mgongo, akaipa visigino, akaisimamisha. Kile kilichokuwa mfukoni mwa raia kikapata mwili. Hatusemi kwamba msanii alikaa akayapanga haya yote kichwani. Mchongaji si mwandishi wa hotuba. Twasema kwamba nchi iliyowapa watu wake picha kwa miaka 30, na kuwapa mashujaa wake shaba kwa miaka hiyo hiyo, imemzaa kijana aliyevigonganisha vitu hivyo viwili, na kwamba jambo hilo lisingeweza kuwa na maana ile ile katika nchi nyingine. Tukumbuke pia hali ya mwaka wenyewe: Desemba 1997 Korea Kusini ilikuwa imelazimika kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, makampuni yalikuwa yakianguka, na watu walijipanga mstari kutoa pete zao za dhahabu ili kulisaidia taifa kulipa deni. Kuwasimamisha watu wa kawaida wa mwaka ule, wa karatasi, wepesi, wenye nyufa mwili mzima, ilikuwa ni kusema kweli.

Linganisha na shaba na matale yaliyokuwa yakimwagwa Seoul wakati ule ule. Tangu mwaka 1995 sheria iliwalazimisha wajengaji wa majengo makubwa watenge sehemu ya gharama kwa ajili ya kazi za sanaa, mpaka mwaka 2011 walipopewa nafasi ya kuchangia mfuko badala yake. Sheria yenyewe ilikuwa na nia njema, na sisi tulio watumishi wa serikali hatuwezi kuicheka. Lakini matokeo yake, kama Wakorea wenyewe walivyolalamika, yalikuwa msitu wa vyuma na mawe mbele ya milango ya maofisi, ambao wafanyakazi huupita asubuhi na jioni bila kuuona. Uzito upo. Kinachokosekana ni mtu.

Sasa tumgeukie yule muulizaji wa pili, anayeutafuta Ukorea katika mavazi. Tungependa kumrudisha kwa Amiri Yi pale Gwanghwamun. Huyo amevaa deraya kamili la zamani, na upanga mkononi. Hata hivyo kwa miaka mingi wakosoaji wa Korea wenyewe wamesema kwamba deraya lile lina sura ya Kichina, na kwamba upanga ulioshikwa kwa mkono wa kulia ukiwa ndani ya ala ni mkao wa mtu anayesalimu amri kuliko wa mtu aliyeshinda. Hatuingii katika ugomvi huo. Tunaonyesha tu kwamba mavazi ya taifa yaweza kuvalishwa shaba na watu wa taifa hilo wasijitambue ndani yake.

Mrithi wa kweli hutambulikana kwa jambo jingine. Katika ufalme wa Joseon, uliotawala Korea kutoka mwaka 1392 hadi 1910, wachoraji wa sura za watu walikuwa na kanuni kali: ukikosea unywele mmoja tu, umemchora mtu mwingine. Walichora alama za ndui, walichora makunyanzi, walichora sugu na baka, hata kama mwenye sura alikuwa waziri mkubwa. Walipaka rangi nyuma ya kitambaa cha hariri ili ipenye mbele taratibu kama damu chini ya ngozi. Yun Du-seo, aliyeishi kutoka 1668 hadi 1715, alijichora mwenyewe akizichora ndevu zake unywele kwa unywele, na uso ule mpaka leo humfanya mtazamaji atake kurudi nyuma hatua moja. Mwanafunzi na auweke mchoro ule kando ya sanamu ya Gwon, chunusi kwa chunusi, kishimo kwa kishimo, halafu atuambie nani amewaacha babu zake. Suruali ya jinzi imetoka ng'ambo, hatukatai. Lakini jicho lile lililokataa kumsamehe mtu hata unywele mmoja lilikuwapo Korea kabla kamera haijazuliwa.

Hapa kwetu ugonjwa huu tunaujua. Tumepata kukaa katika vikao vya kuchagua kazi za maonyesho, tukaona kinyago cha mpingo kikipitishwa bila kuulizwa neno kwa kuwa ni cheusi na kizito, ingawa kilikuwa cha elfu moja cha aina ile ile, kimeharakishwa ili kiuzwe kwa mtalii; na kijana aliyeleta kitu alichokiunda kwa madebe na nyaya akaambiwa arudi nyumbani akajifunze utamaduni wake. Wachache katika vikao hivyo hukumbuka kwamba vinyago vya shetani, tunavyovionyesha leo kama roho ya kale ya taifa, vilianza kuchongwa katika miaka ya 1950 na Wamakonde waliohamia huku kutoka Msumbiji, na havikuwa vinyago walivyovijua wazee wao katika jando. Vilikuwa vitu vipya vya watu walio ugenini. Kama vikao vyetu vingekuwapo wakati ule, huenda navyo vingerudishwa nyumbani.

Kumtetea msanii si kumsifu kwa kila kitu, na mgema akisifiwa mno, tembo hulitia maji. Kuna mfululizo wake mwingine, uitwao "The Flat", ambao alikata matangazo ya saa, vito na vipodozi katika majarida, akayasimamisha sakafuni kwa nyaya, kisha akaupiga picha msitu wote huo wa bidhaa. Kwa akili, ni kazi safi: picha bapa imesimamishwa ikawa sanamu, na sanamu imerudishwa ikawa picha bapa. Lakini tukiitazama kwa muda mrefu, twabaki na saa za bei kubwa. Kejeli ikiwa nzuri kupita kiasi hugeuka tangazo, na sisi hatuna hakika kwamba hapa haijageuka. Mwaka 2015 tena, katika jumba la sanaa la mji wa Seoul, alionyesha sanamu ya mwimbaji mashuhuri G-Dragon akiwa malaika na shetani kwa wakati mmoja, mmoja akimkanyaga mwenzake, kwa mtindo wa picha za kanisani za Malaika Mikaeli. Ufundi ni mkubwa, na vijana walifurika kuiona. Ila mwimbaji yule hakuwa na haja ya kusimamishwa. Alikuwa amesimama tayari katika kila ukuta wa mji. Msanii aliyempa mwili mtu wa kitambulisho cha mfukoni amerudi, kwa mlango mwingine, kwenye barabara ya mashujaa. Twatamani angebaki na wale rafiki zake wa mwaka 1998.

Imebaki hoja moja, na hii ni ya mtu mwenye busara: sanamu ya karatasi haidumu. Buda wa Seokguram, karibu na mji wa Gyeongju, alichongwa katika matale katika karne ya 8 na bado amekaa. Watu wa Gwon watakaa miaka mingapi? Ni kweli kwamba rangi ya picha hufifia kwa mwanga, na utomvu hubadilika ukawa wa manjano. Lakini Wakorea wamekwisha kukutana na swali hili. Katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa huko Gwacheon umo mnara wa Nam June Paik, wa mwaka 1988, wenye televisheni 1,003. Hesabu hiyo ni ya tarehe 3 Oktoba, siku ambayo Wakorea huadhimisha kuanzishwa kwa taifa lao. Televisheni zilichakaa, na mwaka 2018 mnara ukazimwa kwa hofu ya hatari. Wakabishana: wauvunje, wauache ufe, au waweke mitambo mipya? Mwishowe zile zilizotengenezeka zikatengenezwa, zile zilizoshindikana zikawekewa skrini bapa za kisasa, na mwaka 2022 mnara ukawaka tena.

Watu wa karatasi nao watafika hapo, na watunzaji watauliza kama wazichape upya picha zile kutoka katika filamu za zamani, wabandue na kubandika upya ngozi nzima, au waziache zififie. Sisi tungeziacha. Yule kijana aliyesimama mbele ya kamera mwaka 1998 akiwa na miaka ishirini na kitu sasa anakaribia hamsini. Ana mvi, na mashavu yake yameanza kulegea. Sanamu yake, iliyo katika chumba chenye taa hafifu mahali fulani, imeanza kupauka shavuni, upande ule ambao mwanga ulitoka kushoto.